Kamati Imenipa Waini

Kwetu huku, mwanamume ukiwa na dada, kazi unayo. Watoto wa dada yako ni wako kabla hawajawa wa baba yao. Mmakonde, Mmakua, Myao, wote hapo tumefanana: siku ya posa wazee hawaulizi baba yuko wapi, wanauliza mjomba yuko wapi. Na mjomba ndiye mimi. Nimekaa jamvini kupokea barua, nimebishana juu ya mahari mpaka koo likakauka, nimeitwa mkorofi na upande wa pili nikanyamaza. Yote hayo yamo kwenye mila, sinung'uniki. Lakini naomba mtu yeyote, kuanzia Nanyamba mpaka Lulindi, anioneshe ni mila ipi iliyosema mjomba ndiye atakayechagua waini.

Hata kuniuliza hawakuniuliza. Nimejikalia zangu Masasi, simu ikalia, kumbe ni kundi la kamati ya sendofu ya mpwa wangu. Mwenyekiti ameandika: "Ukumbi: Shangazi. Mapambo: Vijana. Waini: Mjomba." Chini yake vikamiminika vidole gumba na vikofi, watu ambao michango yao hawajamaliza wakiwa wa kwanza kupongeza. Kisha ikaja bajeti. Nikaichukua, nikaigawa kwa idadi ya wageni, nikaona kila mmoja amepata haki ya kunusa.

Na hilo lingekuwa jambo dogo kama chakula kingekuwa chakula. Pilau, kuku, ndizi, kachumbari: hapo hata mtoto anajua cha kuteremshia. Lakini kamati yetu ilikuwa imeshaamua kwamba sendofu ya Newala itakuwa na bafee ya Kichina.

Msicheke, sababu ipo. Mchumba wa mpwa wangu ni fundi upimaji kwenye ule mradi wa barabara ya Mnivata, Newala hadi Masasi, kilomita 160 za lami zinazojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Wakandarasi ni Wachina, mabosi wake ni Wachina, na mabosi walikuwa wamealikwa. Kwenye kikao mtu mmoja akasimama akasema wageni wa heshima wapikiwe chakula cha kwao. Ndivyo tulivyo. Mgeni akija kutoka mbali, badala ya kumwonjesha cha kwetu tunahangaika kumpa alichokikimbia. Nikauliza: Wachina ni wageni lini kanda hii? Nachingwea hapo, ng'ambo ya Masasi, wakufunzi wa Kichina waliwafundisha wapiganaji wa FRELIMO wakati Msumbiji inapigania uhuru. Sijasikia mzee hata mmoja wa Nachingwea akisimulia kwamba walidai bafee. Mwenyekiti akasema hoja ya Mjomba imesikika, tuendelee na agenda ya maturubai.

Mpishi tukampata. Mama mmoja aliyepika kambini kwa hao hao wajenzi wa barabara, akajifunza kwa kuangalia. Mama huyu simsemi vibaya, maana anajua kazi. Anakata karoti huku anakutazama usoni, na karafai lake la chuma halipoi. Akatutajia sahani zake: wali wa kukaanga na mayai, tambi na mboga, kuku wa korosho, nyama ya ng'ombe na pilipili hoho, kabichi ya tangawizi, na perege wa Ruvuma wa kukaangwa kisha kumwagiwa sosi tamu-chachu. Nguruwe tukamwondoa kwenye orodha mapema. Nusu ya ukoo wetu ni Waislamu na nusu ni wa misheni, na sahani ambayo nusu ya ukoo haiigusi si sahani ya sendofu.

Sasa nilinganishie hayo na waini. Sosi tamu. Sosi ya soya. Tangawizi. Pilipili. Siki. Vyote mezani kwa pamoja, na mla bafee hapakui kimoja kimoja; anarundika mlima mmoja, perege juu ya tambi, kabichi ubavuni, kuku wa korosho kileleni. Waini gani itaelewana na mlima huo?

Nina mpwa mwingine aliyewahi kufanya kazi hoteli moja ya Masaki, Dar es Salaam. Tangu hapo hasemi "nakunywa", anasema "naonja". Akanipigia: "Mjomba, hapo usihangaike, chukua nyekundu drai. Ndiyo wanaojua wanakunywa." Wanaojua! Neno hilo limewatia watu wengi hasara. Nikamwomba mama mpishi anipikie sahani moja ya majaribio kabla sijatapanya pesa za watu, nikanunua chupa ya drai ya huyo bwana, pamoja na nyingine za bei yetu, nikakaa barazani kwa dada.

Perege wa tamu-chachu mdomoni, drai juu yake. Ulimi ukajikunja. Waini ambayo ilikuwa na heshima zake dakika moja kabla ikageuka maji ya siki, kwa sababu sukari ya kwenye sosi imeifunika ile kidogo iliyokuwa nayo, kimebaki kichachu na ule uchungu wa maganda ya zabibu unaokausha fizi. Nikajaribu na nyama ya pilipili. Hapo ndipo jasho. Waini nyekundu yenye kilevi cha asilimia kumi na nne ukiipandisha juu ya pilipili, inaichochea. Dada alikuwa anachambua mbaazi pembeni, akanitazama, akasema, "Kaka, unakunywa au unaadhibiwa?"

Nikahamia chupa ya pili, nyeupe, Chenin Blanc ya Dodoma, imekaa kwenye barafu. Hapo mambo yakatulia. Ina uchachu wake, kwa hiyo inasafisha mafuta ya karafai. Ina kitamu kwa mbali, kwa hiyo sosi haiionei. Kilevi chake hakipigani na tangawizi. Chupa ya tatu ilikuwa nyekundu tamu ya Afrika Kusini, zile ambazo mpwa wangu wa Masaki anaziita juisi ya watoto wa chuo. Nikaipoza nayo mpaka chupa ikatoka jasho, nikainywa na kuku wa korosho. Haikunifundisha chochote, lakini haikunikosea. Kwa bajeti ya kamati, kutokosewa ni daraja la kwanza.

Hilo wanaojua kweli, wa huko zinakotengenezwa, hawabishani nalo sana. Wao kwa chakula cha Kichina hutaja Riesling ya Ujerumani yenye kitamu kidogo, hutaja waini za rangi ya waridi, hutaja zenye mapovu. Kanuni ni moja: chakula kikiwa kitamu, waini nayo iwe na utamu, chakula kikiwasha, kilevi kipungue, nyekundu nzito ikae na nyama choma yake. Riesling lakini utaipata wapi Mkuti, hapa Masasi? Wajerumani walitutawala, na yule mtaalamu wao Karl Weule alipiga kambi Newala mwaka 1906 akituandika sisi na ngoma zetu, ila hawakutuachia hata kreti.

Basi nikaenda dukani. Hapa nina kesi na wenye maduka wa Masasi, na siwataji maana bado nanunua chumvi kwao. Waini inawekwa wapi? Dirishani, ili ionekane. Na jua la Masasi la mwezi wa Novemba, likishagonga ile milima ya mawe likarudi mjini, unalijua. Chupa nyeupe imesimama pale tangu sijui lini, lebo imepauka, maji ya ndani yameanza kuwa na rangi ya asali. Unamwambia muuzaji, "Hii imeshapikwa." Anakujibu, "Mzee, waini kadiri inavyokaa ndivyo inavyopanda bei." Nani aliwafundisha hawa? Waini nyingi za bei ya kawaida zimetengenezwa zinywewe changa, mwaka huu au ujao. Kukaa kunazisaidia kuwa siki. Nikamwambia anitolee za stoo, zilizo kwenye boksi gizani. Akanuna, akatoa.

Kuhusu bei, sikilizeni. Dompo ni rahisi na ni tamu, na ina marafiki wengi, lakini ina nguvu. Kwenye pilipili na tangawizi itawafanya wajomba wenzangu waanze hotuba kabla ya ratiba. Chupa za Afrika Kusini, akina Four Cousins, 4th Street, Drostdy-Hof, zinapatikana kila mahali na zinaeleweka, tofauti ni kwamba unalipia safari yao yote kutoka Rasi. Halafu kuna boksi la lita tano. Hilo nililipigania. Lita tano ni glasi zaidi ya thelathini za mililita 150, hakuna kizibo, halivunjiki kwenye vumbi la barabara, na ule mfuko wa ndani unazuia hewa isiiharibu waini. Kamati ikakataa. Kwa nini? "Haitatoka vizuri kwenye picha." Meza kuu lazima iwe na chupa zenye shingo. Kumbe waini yenyewe ilikuwa mapambo, wangewapa wale vijana.

Kwa hiyo nikachagua Dodoma kwa nyeupe, na sifichi upendeleo wangu. Wamisionari walipanda zabibu huko Bihawana miaka ya 1950, na nchi ile kame ikageuka kuwa inavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ufaransa akilisikia anakaa chini. Wana aina yao nyekundu wanayoiita Makutupora, na wana hiyo Chenin Blanc ambayo asili yake ni bonde la Loire. Hali yao inafanana na yetu sisi wa korosho: mkulima analia bei, kiwanda kinalia kodi, mnywaji analia kwamba ya nje ni bora. Angalau hiyo yetu haijavuka bahari kwenda kurudi.

Maana nikiongelea kuvuka bahari, mniache niseme la kuku wa korosho. Hapa ni Newala. Ukitupa jiwe linaangukia kwenye mkorosho. Msimu huo maghala yamejaa, minada ya TANECU inaendelea, watu wanasimama kwenye vituo vya AMCOS wakisubiri kusikia bei ya kilo kwa hamu kuliko wanavyosubiri matokeo ya Simba na Yanga. Halafu naangalia sahani ya mama mpishi, korosho zenyewe zinahesabika, zimekaa mbali mbali kana kwamba zimenuniana. Nikamuuliza. Akasema, "Mjomba, ghafi zipo, zilizobanguliwa ndizo ghali." Ndiyo hivyo. Sehemu kubwa ya korosho zetu inaondoka na ganda lake kwenda India na Vietnam, inabanguliwa huko, na mwenye mti akitaka kuiweka kwenye kuku wa sendofu anaambiwa bei ya supamaketi. Na huyo kuku mwenyewe, aliyetajirisha migahawa ya Marekani, umaarufu wake kule umetoka mji wa Springfield, jimbo la Missouri, alikopika Mchina mmoja mhamiaji, David Leong, kuanzia miaka ya 1960. Yaani mti umeletwa na Wareno kutoka Brazili, mapishi yamesifika Missouri, kubangua Vietnam. Kazi yetu sisi kupuliza salfa na kukohoa.

Nikawaambia akina mama wa mtaa wabangue ndoo kwa moto, kienyeji. Siku ya shughuli kuku akawa na korosho za kuonekana. Hiyo haikuwa kazi ya mtu wa waini, naomba iandikwe kwenye kumbukumbu za kamati.

Safari ya kupanda Newala siisimulii, aliyepita njia za mchepuko wakati kokoto zinamwagwa anaijua. Chupa nilizifunga khanga moja moja, nikazipakata zilizobaki. Tatizo lilikuwa juu. Watu wanasema Newala kuna baridi, waini haihitaji friji. Ni kweli ule upepo wa jioni unaotoka Shimo la Mungu unaweza kukuvua kofia. Lakini sendofu zetu zinaanza saa nane kwenye kadi na saa kumi na mbili kwenye ukumbi, na chupa zimekaa juani tangu saa nane ya kwenye kadi. Barafu ni maji, na maji kwenye uwanda huu wa Makonde ni habari nyingine. Yanasukumwa kupanda kutoka Mitema huko bondeni, na bomba likigoma hata chai inasubiri. Bibi zetu walishuka mabondeni na mitungi wakapanda nayo kichwani. Mimi mjukuu nikaagiza barafu kutoka Masasi kwenye beseni la plastiki ili kupoza zabibu za Dodoma. Bibi angeniuliza kama nina homa.

Nyekundu nazo nilizitia kwenye barafu. Mpwa wangu wa Masaki alipoona hilo alishika kichwa. "Mjomba, nyekundu inanywewa kwa joto la chumba!" Chumba cha nani? Waliosema hivyo walikuwa na vyumba vya mawe huko Ulaya, joto lake nyuzi kumi na nane. Chumba cha Masasi Novemba ni jiko. Nyekundu tamu isipopozwa hapa inanuka jamu iliyochemka.

Kilichoniudhi kuliko vyote ni habari ya uraka, ile pombe yetu ya mabibo. Ilikuwa msimu wake. Mabibo yamelala chini ya miti, mekundu na ya njano, nyuki wamejaa, harufu inakufuata njia nzima. Uraka wa leo leo, uliokamuliwa asubuhi, una kila kitu ambacho wale wa Riesling wanakitafuta: utamu kidogo, uchachu, mapovu madogo yanayochoma ncha ya ulimi, kilevi kidogo, na ule ukakasi wa bibo unaokwangua mafuta ya tambi. Nilionja na perege wa tamu-chachu kule kule barazani kwa dada. Chenin Blanc ikawa ya pili. Na bei yake, kwa chupa moja ya Afrika Kusini unanunua dumu, na mwenye kuuza anakuongezea kikombe cha njiani. Nikapeleka hoja kwenye kikao. Kimya. Kisha shangazi mmoja, ambaye kila Novemba najua anakoshinda, akasema, "Mjomba unataka kutuaibisha mbele za wageni." Nikaambiwa uraka ni wa porini, waini ni ya ukumbini.

Sawa. Lakini kama tunaongea heshima, Masasi si ya kujifanya leo ndiyo imeona divai. Askofu Steere alileta watu wa misheni ya UMCA pale mwaka 1876, na komunyo haitolewi kwa chai. Wazee wa misheni wamekunywa divai tamu kikombe kimoja, foleni moja, miaka na miaka, na hakuna aliyeuliza kama ni drai.

Siku ikafika. Wageni wakaja, ukumbi umependeza, mwali wetu amependeza zaidi. Mabosi wakafika kwa wakati wa kwenye kadi, maskini, wakakaa peke yao na viti mia tatu. Kamati ilikuwa imetenga chupa moja kwa meza ya watu kumi. Chupa ya mililita 750 ni glasi tano. Watu kumi, glasi tano: hesabu hiyo haihitaji kalamu, inahitaji polisi. Halafu ikagundulika kwamba chupa za drai, ambazo mpwa wangu wa Masaki alizichomeka kwenye oda bila kunishirikisha, zina vizibo vya gome, na Newala nzima siku ile hapakuwa na kifungulio. Nilishasema kwenye kikao: nunueni za kifuniko cha kuzungusha. Kijana mmoja wa vinywaji akachukua mpini wa mwiko, akasukuma kizibo kikaingia ndani, waini ikamrukia shati jeupe. MC akatangaza kwamba huo ni ubatizo.

Na hao waliopata, walifanya nini? Walichanganya na soda. Mbele ya macho yangu mama mkwe mmoja wa heshima kabisa alimimina nyekundu nusu, Sprite nusu, akatia barafu, akakoroga kwa uma. Mpwa wangu wa Masaki akataka kulia. Mhandisi mmoja wa Kichina akaona, akacheka, akamwambia bwana harusi kwamba hata kwao, waini nyekundu ilipoanza kuwa ya fasheni miaka ya 1990, watu waliichanganya na Sprite hivyo hivyo. Nami nikajaribu. Na sosi tamu-chachu ile? Inaenda. Imepunguzwa kilevi, imeongezwa utamu na mapovu. Yule mama amefanya kwa uma kile ambacho wataalamu wanatuuzia kwa chupa. Tangu siku ile nimeacha kuwasema wanaochanganya. Waliochanganya ya bei kubwa nawasema bado.

Meza za wasiokunywa zilipata juisi ya ukwaju ya baridi, na nawaambia kwa uchungu kabisa kwamba walikuwa wamepatia kuliko meza zote. Shehe wetu alikula sahani mbili za kuku wa korosho, akateremshia ukwaju, akaniuliza kwa upole, "Mjomba, ninyi mnahangaika nini kule?" Sikuwa na jibu la kumpa mbele za watu.

Kisha ikaja zamu ya zawadi. Mhandisi mkubwa akasimama na boksi jekundu, akalifungua, akatoa chupa ya kinywaji cha kwao, cheupe kama maji, kiitwacho baijiu. Kinatengenezwa kwa mtama na kilevi chake ni zaidi ya asilimia hamsini. Akamimina kwenye viglasi vidogo vya meza kuu. Mzee mmoja wa ukoo, ambaye simtaji kwa sababu serikali ya mtaa nayo inasoma magazeti, akanusa, akafumba macho, akanywa. Akakaa kimya. Ukumbi ukasubiri. Akasema, "Hii ni nipa. Ila imesoma."

Na hicho ndicho kinachonikereketa mpaka leo. Yao imewekwa kwenye boksi la dhahabu, inavuka bahari, inapigiwa makofi na MC. Yetu ya mabibo mzee akikutwa nayo anapanda difenda. Sisemi watu wapike nipa, nimeona macho ya watu yakiharibika kwa vitu visivyopimwa. Nasema tu kwamba mtama wa Mchina umepata kiwanda na maabara, bibo la Newala limepata kesi.

Wachina wenyewe, kama mnataka kujua, waini ya meza kuu waliinywa kidogo kwa adabu. Walikunywa maji ya moto na bia. Mmoja aliyezoea site aliomba uraka kwa jina lake, akiutamka vizuri kuliko mpwa wangu wa Masaki, na kijana wa vinywaji akatoka naye nje kwa mlango wa nyuma. Mashangazi nao niliwaona wakifuata.

Basi kwa atakayepewa kazi hii baada yangu, na bafee ya Kichina imeshaingia kwenye mashindano ya sendofu huku, mwakani watataka Masasi nzima: nunua nyeupe yenye kitamu kwa mbali, ya Dodoma ikiwezekana, ya stoo si ya dirishani, ya kifuniko cha kuzungusha. Ongeza nyekundu tamu chache kwa ajili ya akina mama na Sprite zao. Poza zote. Mapipa mawili ya ukwaju. Kama ni kati ya Oktoba na Desemba, uraka wa asubuhi hiyo hiyo, na usiwaulize kamati. Drai mwachie anayejua, ainunue kwa pesa yake.

Chupa za drai zilizobaki zipo kwangu Masasi, zimelala chini ya kitanda, anayezitaka aje na kifungulio. Kuvunja kamati ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, nyumbani kwa dada, na menyu ni ugali wa muhogo na kisamvu. Na ninyi mliobaki na ahadi zenu, mnajijua, vidole gumba mlikuwa wa kwanza: lipeni, maana deni la waini dukani limeandikwa jina la Mjomba.